Nimebadili sensa ya oksijeni mara 2, taa ya injini bado inawaka. Nakosea wapi?

Spacio_Mbagala (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijaiuza hii gari kwa hasira.

Nina Spacio NZE121 ya 2003, injini 1NZ-FE. Nina mwaka wa nne nayo na haijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na shokapu. Mwezi wa tatu taa ya injini ikawaka. Dalili yenyewe ilikuwa ndogo: nikisimama kwenye foleni gari inatetemeka kidogo, nikikanyaga inakwenda vizuri tu. Nikapeleka gereji, fundi akachomeka mashine, akasoma kodi (namba ya kosa) P0171, hakuchukua hata dakika 2 akasema "oksijeni hiyo, imekufa". Nikanunua ya mtumba elfu 60, akafunga, akafuta kodi, taa ikazima. Siku ya tatu ikawaka tena.

Nikarudi. Akasema za mtumba ndivyo zilivyo, ni bahati nasibu. Nikanunua mpya elfu 85, lakini plagi yake haikuingia kwenye ya gari, kwa hiyo akakata waya akaunga. Taa ikazima wiki nzima. Sasa imewaka tena na safari hii mashine inasema P0135. Na juu ya hapo gari imeanza kunywa mafuta kama imekodishwa. Fundi anasema ninunue orijino, laki 2 na ushee. Kabla sijatoa hela nyingine, nakosea wapi?

mzeewafoleni

Unakosea kukaa Mbagala mkuu. Foleni ya Rangi Tatu ikikupata ukiwa huna tatizo, ukitoka unalo.

Utani pembeni. Mimi Carina yangu nilikata waya za hiyo sensa tangu 2015, gari inatembea. Hizi sensa ni mradi wa Wajapani kutuuzia spea.

FundiNozeli

Mzee wa foleni, kwanza Mjapani unamsingizia. Kitu hiki kimetoka Bosch ya Ujerumani, na gari ya kwanza kukibeba ilikuwa Volvo, 1976, zile za kupeleka California ambako sheria ya moshi ilikuwa imeshakaza. Hita ya ndani ikaja 1982. Pili, Carina yako inatembea, ndiyo, lakini tangu 2015 kontroli boksi (kompyuta ya injini) inamwaga mafuta kwa kukisia. Ungeandika kilomita unazopata kwa lita tungeelewana.

Sasa mleta uzi. Pole, lakini una matatizo mawili tofauti na fundi wako ameyafanya moja. P0171 na P0135 si kodi za ukoo mmoja. P0135 inasema hita iliyomo ndani ya sensa ya mbele haipati umeme au imekatika. Hapo sensa yenyewe ndiyo inayolalamikiwa, au waya zake. P0171 inasema kontroli boksi imeongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake na bado inaletewa taarifa kwamba hewa ni nyingi kuliko mafuta. Aliyeleta taarifa ni sensa ya oksijeni. Mjumbe hauawi, mkuu, na wewe umeshaua wawili.

Nijibu maswali matatu kabla hatujaenda mbali:
Ulaji wa mafuta ulianza lini hasa, kabla ya kubadili sensa au baada?
Ile sensa iliyokuja na gari iko wapi?
Alipounga waya aliunga vipi?

Spacio_Mbagala

Mkuu FundiNozeli, asante sana. Swali la kwanza limenifanya nikae chini. Kusema kweli mwanzoni gari haikuwa inakula mafuta. Nilikuwa napata kama kilomita 12 kwa lita nikichanganya foleni na barabara wazi. Kula kumeanza baada ya hii ya pili, ya kuunga. Sasa hivi 8, siku mbaya 7 na nusu.

Ya zamani ninayo. Mama watoto ana tabia ya kudai spea za zamani hata ikiwa ni balbu, iko kwenye mfuko wa rambo chini ya siti.

Kuunga sikuona vizuri, alisokota akazungushia tepu nyeusi.

FundiNozeli

Mwambie shemeji nimempa tano. Watu hawajui, spea ya zamani ndiyo ushahidi pekee ulionao.

Na jibu la kwanza ndilo kila kitu. Sensa hizi haziamki mpaka zipate joto, kama nyuzi 300 na zaidi. Moshi peke yake huipasha, lakini ukiwa kwenye foleni na injini iko sailensi (inanguruma bila kukanyagwa) moshi haumudu, sensa inapoa, inanyamaza. Ndiyo maana ikawekwa hita, iamke haraka na ibaki macho. Hita ikifa, kontroli boksi inaacha kumsikiliza mtu aliyelala na inarudi kwenye ramani yake ya akiba, ambayo kwa usalama wa injini hupendelea kumwaga. Kwa mtu wa foleni za Mbagala hiyo ni hela inamwagika.

Kwa hiyo tuanze na hita maana ndiyo rahisi. Una multimita? Ya elfu 15 inatosha.

KipimaUmeme

Naomba niingie hapo kwenye vipimo, ndiyo kazi yangu.

Mleta uzi, sensa yako ni ya waya 4. Mbili ni za hita, mbili za ishara. Kwenye sensa nyingi za Denso zinazokuja na Toyota, waya mbili nyeusi ni hita, ya bluu ni ishara na nyeupe ni hasi ya ishara. Kwa makampuni mengine mara nyingi nyeupe mbili ndizo hita, nyeusi ni ishara, ya kijivu ni hasi. Umeona mtego? Fundi akiunga nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe bila kuangalia, amepeleka umeme wa hita kusikotakiwa.

Injini ikiwa baridi kabisa, chomoa plagi ya sensa, weka mita kwenye omu, pima kati ya waya mbili za hita. Sensa ya kawaida ya Toyota iliyo nzima itakupa kati ya omu 11 na 16. Ukipata 2 au 3 hivi usishtuke ukaitupa: hiyo ni sensa ya A/F (ya uwiano wa hewa na mafuta), kizazi kingine, hita yake ni kali zaidi na ishara yake haisomwi kwa mita kama nitakavyoeleza. Toyota nyingi za miaka ya karibuni zina A/F upande wa mbele. Ndiyo maana kununua sensa kwa kulinganisha umbo tu ni hatari, zinafanana kama kuku wa kisasa.

Mita ikiandika OL, njia imekatika.

Halafu upande wa gari: washa swichi bila kupiga stata, pima kati ya waya mmoja wa hita na bodi. Mmojawapo lazima uwe na umeme wa betri, kama volti 12. Ukikosa, kabla ya chochote angalia fyuzi na rilei ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta).

Kitu kimoja usifanye kamwe: usipime omu kwenye waya za ishara. Kile si kipande cha waya, ni kauri inayozalisha umeme yenyewe, na mita inapopima omu inasukuma umeme ndani yake.

Mpwani001

Ndugu zangu salaam, nawasoma kutoka Mombasa. Nami niliteswa na jambo hili hili kwenye Probox, ila langu lilikuwa kinyume cha la mwenzetu. Langu lilianza na mafuta. Gari yanuka petroli, plagi nyeusi tititi kama chungu cha kuni, na bado mashine yasema hewa nyingi mafuta kidogo. Makanika watatu, kila mmoja na lake. Mmoja nusura aniuzie pampu.

Ilikuwa ekzosi. Gasketi ya pale manifoldi inapokutana na bomba ilikuwa imekula upande mmoja, kabla ya sensa. Asubuhi injini ikiwa baridi ukitega sikio wasikia chk chk chk, ikipata moto sauti yapotea. Nilikuwa nadhani tundu la ekzosi hutoa moshi tu. Kumbe moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje. Sensa yaonja ile hewa, yapiga kelele "oksijeni nyingi", nayo kompyuta yaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika.

Gasketi yenyewe bei ya sahani ya biriani.

FundiNozeli

Umeieleza vizuri kaka wa Mombasa, na tofauti yako na mleta uzi iwekwe wazi kwa wanaosoma. Hewa ikiingia upande wa ekzosi, sensa imedanganywa. Mafuta yanaongezwa bure, plagi zinakuwa nyeusi, ulaji unapanda. Hewa ikiingia upande wa inteki (njia ya hewa kuingia injini), baada ya ile sensa ya MAF inayohesabu hewa, sensa ya oksijeni inasema kweli tupu. Hewa imeingia bila kuhesabiwa, mafuta yanaongezwa kuifidia, na mwishowe mchanganyiko unakaribia sawa. Ulaji haupandi sana. Unachoona ni mtetemo kwenye sailensi na taa.

Mleta uzi, soma tena dalili zako za mwezi wa tatu.

Na kuna ya tatu inayowapiga chenga wengi: silinda ikimisi, petroli na hewa vinatoka havijaungua, na sensa haijui petroli, inajua oksijeni tu. Koili imekufa, kodi inasema hewa nyingi. Nimeona mtu amebadili sensa na pampu kwa sababu ya koili moja.

Spacio_Mbagala

Mrejesho wa kwanza wakuu. Leo Jumamosi nimeshinda chini ya gari na kijana mmoja wa umeme wa mtaani kwetu. Sensa iko nyuma ya injini, upande wa dashibodi, mkono umechubuka mpaka kiwiko.

Tumepima kwenye plagi: OL. Nikafurahi, nikajua sensa feki. Kijana akasema subiri. Akafungua tepu. Wakuu, ile tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto imekuwa kama lami, inavutika kama bazoka. Waya zimesokotwa tu, ncha hazijasafishwa, na waya mmoja mweusi ulipotikiswa ukachomoka wenyewe mkononi. Akapima upande wa sensa, baada ya pale palipoungwa: omu 14.2. Kwa hiyo sensa ni nzima, kiungo ndicho kilichokufa.

Upande wa gari umeme upo, 12.3.

Nikatoa ile ya zamani kwenye rambo. Omu 13.1. Nilitaka kulia. Laki na nusu karibu nimeitupa kwenye kitu ambacho hakikuwa kibovu.

mzeewafoleni

Bazoka 😂😂😂 Fundi wetu sote yule.

KipimaUmeme

Usilie, umejifunza kwa bei nafuu kuliko wengi.

Rudisha ile ya zamani, ina plagi yake halisi. Kuunga waya za sensa hii kunahitaji vibano maalumu vya kukandamiza na mpira wa kusinyaa kwa moto. Usichomelee risasi. Sensa hulinganisha oksijeni ya ndani ya bomba na ya hewa ya nje, na nyingi huvuta hiyo hewa ya nje kupitia ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi. Ukijaza risasi, umeiziba pua.

Ila hita kuwa nzima si kusema ishara ni nzima. Ukishaifunga, ipashe injini vizuri, ipandishe mpaka mizunguko 2500 kwa dakika uishikilie hapo dakika moja na nusu, halafu bila kuchomoa plagi ingiza sindano nyembamba nyuma ya waya wa ishara. Mita iwe volti ya DC, hasi kwenye waya wa hasi wa sensa. Sensa nzima haitulii: inapanda karibu 0.9, inashuka karibu 0.1, inavuka 0.45 huku na huku. Shikilia hizo 2500, hesabu sekunde 10. Ikivuka angalau mara 8 iko macho. Ikivuka mara 2 au 3 imezeeka, na hapo ndipo kodi ya P0133 hutokea. Mita ya bei rahisi ni nzito kidogo, itakuonyesha namba zinarukaruka tu, haidhuru, unachotafuta ni mruko.

Ikikaa chini muda wote, usiihukumu bado. Ichokoze. Rusha kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye mdomo wa inteki: lazima iruke juu ya 0.8 papo hapo. Chomoa mpira mmoja wa vakyumu: lazima ianguke. Sensa inayojibu pande zote mbili ni nzima, na kama bado inasema hewa nyingi, basi hewa ni nyingi kweli.

DadaWaIST

Samahani naingilia. Hii ya kuskani, mimi nilinunua kile kidude cha bluetooth cha elfu 20, kwenye gari ya kaka yangu kinasoma, kwangu IST ya 2004 kinasema hakioni gari. Kibovu?

KipimaUmeme

Si kibovu dada, na gari si mbovu. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile yana soketi ya umbo lile lile la matundu 16, lakini lugha ya ndani haifuati kamili ile ambayo vidude hivi vimefundishwa. Baadhi ya programu zinaruhusu kuandika amri ya kuanzia mawasiliano ukachagua Toyota ya Japani, na hapo kinashika. Kikigoma, tafuta fundi mwenye mashine kubwa.

Njia ya kizamani bado ipo kwenye Toyota nyingi za kipindi hicho: unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi, taa ya injini inapepesa namba. 21 ni sakiti ya sensa ya oksijeni, 25 ni hewa nyingi. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kugusa. La 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, ukiliunganisha kwa bahati mbaya utanunua kitu ghali kuliko sensa.

Spacio_Mbagala

Mrejesho wa pili. Ya zamani imerudi mahali pake. Tulilegeza ile ya kuunga injini ikiwa na uvuguvugu kama nilivyosoma kwenye uzi mwingine, ikatoka bila ugomvi. Kijana akapaka grisi ya shaba kwenye nyuzi za skrubu tu, kichwa hakukigusa.

Nimeangalia kichwa cha ya zamani, rangi ni kijivu inayoelekea kahawia, kikavu. Nimepiga picha sijui kuipandisha.

Ishara inaruka: 0.78, 0.15, 0.82, 0.2. Nilihesabu mara 9 kwa sekunde 10. P0135 imefutwa haijarudi, siku 4 sasa. Mafuta yameshuka kuelekea 11.

Lakini leo asubuhi, taa. P0171. Ile ile ya mwezi wa tatu.

FundiNozeli

Nilikuwa naisubiri. Sasa tumebaki na ugonjwa wenyewe.

Rangi uliyoitaja ni ya afya. Kwa faida ya wengine: nyeusi ya masizi ni mafuta mengi, nyeusi inayong'aa ni injini inakula oili, nyeupe ya unga inaweza kuwa maji ya rejeta yanaingia kwenye chumba cha kuchomea, au silikoni ya kubandikia gasketi. Ile silikoni ya bei rahisi ambayo mafundi wetu wanaipaka kama blubendi inaua sensa kimya kimya. Mvuke wake unapita kwenye injini unaenda kukaa juu ya kauri. Kununua sensa mpya bila kutibu chanzo ni kuipeleka na yenyewe machinjioni. Zamani muuaji mkuu alikuwa risasi kwenye petroli, lakini huku kwetu kusini mwa Sahara hiyo iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006.

Nenda kwa mwenye mashine inayoonyesha data za papo kwa papo. Usiombe kodi, omba trimu za mafuta, yaani kiasi ambacho kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta. Kuna ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia. Jumlisha zote mbili. Ndani ya 10 juu au chini hatuna ugomvi. Andika namba injini ikiwa sailensi, halafu andika ikiwa mizunguko 2500 imetulia. Niletee zote nne. Na umwambie asifute kodi kabla hujaandika, akifuta anafuta na kumbukumbu ya trimu.

Spacio_Mbagala

Hizi hapa mkuu.
Sailensi: muda mfupi +7, muda mrefu +22.
2500: muda mfupi +2, muda mrefu +4.

Fundi wa pale akaniambia tena ninunue sensa. Nikamwambia asante nikalipa nikaondoka.

FundiNozeli

Umekomaa.

Soma namba zako. Sailensi jumla +29, ukikanyaga +6. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga hewa inayoingia kihalali inakuwa nyingi, lile tundu halionekani tena. Kama ingekuwa pampu dhaifu au filta ya mafuta imeziba, ingekuwa kinyume: sailensi nzuri, ukikanyaga namba zinapanda. MAF chafu nayo huwa inazidisha mambo kwenye mwendo. Wewe una hewa ya wizi upande wa inteki, sina shaka.

Kwenye 1NZ wezi ninaowajua ni hawa: mpira wa PCV (wa kurudisha mvuke wa injini) unaotoka kwenye kava la valvu kwenda inteki, mpira wa servo ya breki, gasketi ya inteki manifoldi, na mpira mkubwa wa hewa kati ya MAF na throto, hasa kwenye mikunjo yake. Anza na PCV. Upinde kwa vidole na uangalie chini yake, si juu. Juu unakuwa mzuri kila siku.

Usipoona kwa macho, injini ikiwa sailensi pulizia dawa ya kabureta kidogo kidogo, kiungo kimoja kimoja. Ukifika kwenye tundu, muungurumo utabadilika. Bahati yako kwenye injini hii inteki iko mbele na ekzosi iko nyuma, lakini bado ni petroli kwenye gari ya moto, kuwe na mtungi wa kuzimia moto jirani na usivute sigara kama yule jamaa wa Buguruni.

mzeewafoleni

Jamaa wa Buguruni alikuwaje?

FundiNozeli

Nyusi zimeota tena.

Spacio_Mbagala

WAKUU. Nimempata.

Sikufika hata kwenye dawa. Mpira wa PCV, upande wa chini kabisa pale unapovaa bomba la inteki. Kwa juu uko safi. Nilipoupinda ukafunguka mdomo kama wa samaki, urefu wa kucha ya kidole gumba, kingo zake ngumu zimekauka kama plastiki. Nikauziba kwa kidole injini ikiwa inanguruma: mtetemo ukatulia pale pale, mizunguko ikashuka kidogo. Nikatoa kidole, ukarudi. Nimefanya hivyo kama mara 6, mtoto wangu akanicheka.

Nimeenda Shaurimoyo nikanunua mpira elfu 8. Muuzaji alitaka kunipa wa maji ya rejeta ukatwe, nikakataa kwa sababu huu unapitisha mvuke wa oili na wa rejeta utalainika. Na valvu ya PCV yenyewe nimeitoa nikaitikisa, inagonga, nikairudisha.

Namba za leo jioni baada ya kufuta na kuzunguka hadi Kongowe na kurudi: sailensi jumla +3, 2500 jumla +2.

Mpwani001

Mashallah. Elfu 8 ya Tanzania! Wallahi nyie mwapata vitu.

DadaWaIST

Hongera kaka. Sasa naomba na mimi nisaidiwe, nimeona hapa kuna watu wa kweli. IST yangu fundi alinishauri kutoa masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi), kwamba yameziba. Gari ikawa nyepesi kweli. Sasa nina P0420, na ameniambia nibadilishe sensa ya oksijeni ya nyuma.

FundiNozeli

Dada, masega alibaki nayo nani?

DadaWaIST

Yeye. Alisema ni takataka.

FundiNozeli

Ndani ya hiyo takataka kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Watu wanaizungukia mitaani kuinunua kwa kilo. Pole sana.

Sensa ya nyuma haipimi mafuta yako, ni mlinzi wa masega. Masega mazima hutumia oksijeni inayopita, kwa hiyo sensa ya mbele inaruka juu na chini, ya nyuma inatulia, mara nyingi karibu 0.6 au 0.7. Masega yakifa au yakitolewa, ya nyuma inaanza kuruka sawasawa na ya mbele, na kontroli boksi ikiona wote wawili wanacheza ngoma moja inatoa P0420. Kwa maana nyingine sensa yako ya nyuma inafanya kazi vizuri mno, imeona wizi na imeripoti. Ukiibadilisha, mpya nayo itaripoti.

mzeewafoleni

Si kuna kile kibomba cha kuisogeza sensa nje kidogo isionje moshi vizuri? Taa inazima.

FundiNozeli

Kipo. Taa inazima, dada anaendelea kuvuta moshi mbichi kila akiwa foleni na madirisha wazi, na mtoto siti ya nyuma. Mimi sifungi hicho kitu. Dada, kwanza tujue kama yalikuwa yameziba kweli. Alipima mgandamizo wa ekzosi kabla ya kutoa? Kuna nafasi ya ile sensa ya mbele, unafunga geji pale, unasoma. Au alitikisa tu bomba akasikia kitu kinagonga?

DadaWaIST

Aligonga na spana akasema "unasikia?"

KipimaUmeme

Dada fungua uzi wako, uweke na picha ya chini ya gari, huu wa Spacio tumwachie mwenyewe. Mleta uzi, ile sensa yako ya kuunga ya omu 14, bado unayo? Nina mteja wa Raum yenye 1NZ, nikiilinganisha na soketi yake na ikikubali nitaifungia plagi sahihi.

Spacio_Mbagala

Ipo mkuu, na ile ya mtumba pia ipo. Zote ziko kwenye rambo chini ya siti. Ila itabidi uongee na mama watoto, ndiye mwenye stoo.